Nikikosea, Niite Ndani

Nakumbuka asubuhi moja ya malipo ya kahawa, mwanangu, pale Githongo, nilipokuwa keshia katika chama cha akiba na mikopo. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Wakulima walijaa ukumbini na mabuti yao ya tope, wengine wakiloa nje kwa kukosa nafasi. Mashine zikakwama. Si mimi niliyezikwamisha. Mtandao ulipotea tu, kama ilivyokuwa kawaida yake mvua ikizidi. Nikawaomba watu waliopanga laini dirishani kwangu wavumilie kidogo.

Meneja wetu, Bwana Murithi, akatoka ofisini. Hakuuliza kilichotokea. Alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Wewe Kagwiria ni mzigo kwa tawi hili! Kila siku ni wewe! Nikikuondoa leo, wanaoitaka hiyo kazi wamejaa huko nje!"

Watu wakageuka kunitazama. Na pale karibu na dirisha langu alisimama mama yangu mzazi, nyanya yako, kadi ya uanachama mkononi. Aliinamisha kichwa kama vile yeye ndiye aliyekosa. Kelele za meneja nilikuwa nimezizoea, sote pale tulizizoea. Kumwona mama yangu ameinama vile, hapana.

Kazi ya namna hiyo inamla mtu polepole. Tulifika kwa wakati, tulivaa sare zetu. Lakini Kinoti wa mikopo, ambaye zamani alituchekesha tangu mlango kufunguliwa, alikuwa ameanza kula chakula chake peke yake stoo. Tukiona jambo linaharibika tulinyamaza, kwa sababu mwenye kusema ndiye aliyebebeshwa lawama. Uchovu wangu wa siku hizo haukuwa wa mgongo wala wa miguu. Niliamka nao.

Jioni ile nikafika nyumbani. Wewe ulikuwa mdogo, ukamwaga uji sakafuni. Nikakupigia kelele, na maneno yaliyonitoka yalikuwa yale yale: mzigo, kila siku ni wewe. Ukakimbilia nyuma ya nyanya yako. Yeye hakupaza sauti. Alichukua kitambaa akapangusa uji, kisha akaniambia kwa Kimeru chetu, polepole, "Kagwiria, hayo maneno si ya nyumba hii. Umeyabeba kutoka kazini. Kesho uyarudishe kwa mwenyewe."

"Nitafukuzwa, mama."

"Sijasema ukagombane. Nimesema uyarudishe. Kwa heshima."

Kesho yake nikabisha mlango wa meneja. Nikamwambia, "Bwana meneja, nikikosea, niite ndani. Funga mlango uniambie yote. Lakini usiniaibishe mbele ya watu wanaoniamini na akiba yao. Jana mama yangu alikuwa kwenye laini."

Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu niende. Akaigeuzageuza simu yake mezani. Halafu akacheka kicheko kisicho na furaha. "Na mimi je, Kagwiria? Nani huniita ndani? Makao makuu hunisema mbele ya mameneja wote."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa kijana tu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Nikaenda kuleta chai, tukainywa pamoja.

Sitakudanganya kwamba aligeuka malaika. Bado alikuwa mkali, lakini alifunga mlango kwanza. Na nyanya yako alipokuja tena, meneja alimwomba msamaha palepale kaunta, watu wakisikia. Kinoti akarudi kula nasi. Tukaanza kumwambia meneja mambo kabla hayajaharibika. Basi hata hatujaizoea raha hiyo, akahamishwa; tulisikia wakubwa wamemwona mpole mno. Aliyekuja baada yake akaanza upya kupiga kelele, nami nikaanza upya kubisha mlango. Ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipostaafu. Wako mameneja waliosikia, wako walionitoa nje. Imenichosha, mwanangu, na bado nasema ilifaa.

Sasa umepewa kuongoza wenzako kule benki, Embu. Juzi kwenye simu nilikusikia ukisema, "Watu wangu ni wavivu." Ulikuwa umechoka, najua. Lakini kabla hujawaita wavivu, waulize wana nini. Mtu akikosea, zungumza naye kando. Akifanya vizuri, mtaje mbele ya wote. Wakubwa wakikusema vibaya, usiwashukie wa chini yako na hasira hiyo. Toka nje kidogo, tembea, upate hewa, ndipo urudi mezani. Na ukiona aliyekuwa mcheshi amekuwa kimya, usimsifu kwa utulivu. Keti naye ujue kilichompata.

Mungu akulinde katika kazi yako. Akupe wakubwa wenye huruma, na asipokupa, akupe moyo wa kutofanana nao. Wenzako wafurahi wakikuona unaingia asubuhi. Nawe jioni ufike kwako ukiwa bado na neno jema la kumpa mtu.