Risasi Moja kwa Nguruwe na Mbogo

Miaka ile nilikuwa muuzaji katika duka la silaha pale Mchafukoge, Dar. Wateja walichekeshwa na mwanamke anayeuza risasi, lakini mimi sikuwa na nguvu ya kucheka nao. Nilianza siku kwenye foleni ya sukari, kisha nikatembea kutoka Buguruni kwa sababu basi halikuja, na nikifika nakuta rafu zenyewe nusu tupu.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alifika kutoka kusini wakati wa mvua, matope yamemkaukia hadi magotini. Kijijini kwao ndiye aliyekuwa akipiga wanyama waharibifu. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, nzito, yenye mtutu mpana. Aliikoki kwa kusukuma chini mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio, kisha kuurudisha juu. Kibali chake kilimruhusu boksi moja tu la risasi.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimechoka. Nipe pa kukaa.”

Nilimpa stuli, nikamwekea aina tatu tulizokuwa nazo. Ile yenye ncha kali aliisukuma pembeni bila kuitazama mara mbili. Katika bunduki yake risasi zililala ndani ya bomba chini ya mtutu, kichwa cha moja kikigusa kitako cha iliyo mbele yake, penye fataki ya kuwasha baruti. Bunduki ikishtuka, ncha kali ingeweza kuilipua ya mbele na kumng'oa mkono.

Zikabaki mbili, zote bapa kichwani. Moja ilikuwa ngumu, ya kupenya mfupa. Nyingine ilikuwa laini. Ikiingia mwilini hupanuka na kubaki humo humo.

Bosi wangu alitoka ofisini, akamwambia, “Mzee, kama kwenu kuna mbogo, chukua ngumu. Inafaa kwa kila mnyama.”

“Ndiyo ninayotumia,” mjomba akajibu. “Juzi juzi imempenya nguruwe pori ikatokea, ikaenda kupasua mtungi barazani kwa jirani. Mkewe alikuwa hapo hapo anapepeta mahindi. Zamani kila mtu alikaa na shamba lake mbali. Tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha pamoja, nyumba zimebanana.”

“Basi chukua laini,” nikasema.

“Na mbogo je? Laini ikigonga mfupa wa bega inasambaratika.”

Alikaa pale asubuhi nzima. Alizipima kiganjani, akazirudisha, akazichukua tena. Mchana nikampeleka Kariakoo kwa mama ntilie, tukala dagaa na ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano. Alipomaliza akanawa mikono.

“Wanyama hawanichoshi,” akasema. “Kinachonichosha ni kuitwa. Shamba la huyu, shamba la yule.”

“Waambie watafute mwingine.”

“Nani? Vijana wanaiogopa ile bunduki. Inapiga bega kama teke la punda.”

Tuliporudi dukani alichukua laini. “Nguruwe ni wa kila siku,” akasema. “Mbogo nitamsogelea, nimpige kwenye mbavu.”

Kwa muda tulisikia habari njema. Nguruwe walianguka pale pale, na risasi haikutokea upande wa pili. Kisha mbogo akaingia kwenye mihogo ya kijiji. Mjomba alimsogelea kama alivyosema, lakini mnyama akageuka wakati mjomba anafyatua, risasi ikaishia begani. Akakoki tena, akampiga ubavuni. Mbogo alimfikia mjomba akamvunja nyonga, ndipo mnyama akaanguka.

Walimleta hospitali huku Dar, na alipotoka akakaa kwetu. Chumba kilikuwa kimoja. Tukamwachia kitanda, mimi, mume wangu na watoto tukalala kwenye mkeka. Nikitoka kazini nilimkuta amelala, amegeukia ukuta.

Siku moja nikamuuliza, “Mjomba, si bora ungechukua ile ngumu?”

“Nyuma ya mbogo walikuwepo watu wanapiga madebe kumfukuza,” akasema. “Wengi, na watoto wao. Hapana.” Akajivuta kidogo kitandani. “Lakini nyonga inauma, mwanangu.”

Kijiji kikatuma mtu kuuliza atarudi lini, maana nguruwe walikuwa wameanza tena. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia bunduki wampe wanayemtaka. Mgeni alipoondoka, mjomba alimaliza chai yake, akashikwa na usingizi mzito mchana ule ule. Nikawatoa watoto nje wasimwamshe.