Akiru wa Kaaleng Alitaka Kuhesabiwa

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, si jirani wala binamu. Ukitaka kucheka, cheka. Nimekaa nayo tangu miaka ya sabini kwa aibu, si kwa hofu, maana aliyenijia hakunitisha. Tena hakuja usiku. Alikuja saa saba mchana, jua la Kakuma likichoma mabati.

Nilikuwa karani wa ghala la unga. Sisi tuliotoka Kitale na kwingineko tulisema tumetoka "Kenya", kana kwamba Turkana ni nchi nyingine, nami nilijiona msomi kweli kweli. Kila mwisho wa mwaka ghala kuu la Lodwar lilitaka idadi ya wateja walionunua mwaka ule. Aliyekuja mara moja na aliyekuja mara ishirini, kila mmoja ahesabiwe mara moja tu. Kwa idadi hiyo tulipangiwa magunia ya mwaka uliofuata, jina moja fungu moja.

Daftari lilijaa majina na alama za dole gumba, na akina Akiru walikuwa tele. Ni jina la msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Utauliza mvua gani huko, lakini majina yapo. Ilinipasa niulize Akiru huyu ni wa wapi, yule ni mke wa nani. Lakini lori la Lodwar lilikuwa linaondoka alfajiri, nami nilitaka kulipanda niende likizo. Nikaamua kwamba majina yakifanana, mtu ni mmoja. Akiru tisa nikawafanya mmoja. Kule Lodwar mkubwa wangu alinipa mkono akasema, "Kazi safi, karani. Hakuna jina limerudiwa." Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Magunia yalikuja machache, na mstari wa Akiru ulikuwa mmoja. Mke wa mlinzi wetu, naye Akiru, alifika mapema akachukua fungu hilo. Siku hiyo hiyo akaja mwanamke kutoka Kaaleng, amebeba mtoto mgongoni kwa ngozi ya mbuzi.

"Jina?"

"Akiru."

"Akiru ameshachukua."

"Huyo si mimi," alisema. "Mimi nafika leo. Mwaka jana pia nilikuja, mara moja. Angalia kidole yangu kwa kitabu."

Nilijua anasema kweli. Nisikilize vizuri hapo: nilijua. Lakini kumpa kungekuwa kukiri kwamba hesabu yangu iliyosifiwa ilikuwa ya uongo. Nikamwita anayefuata. Mama yule aliniangalia kidogo, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka.

Mwisho wa mwaka nilikuwa ghalani peke yangu, mlango nimeutia komeo, nahesabu tena. Nikasikia, "Ejok." Ndiyo salamu ya huko. Nikajibu "Ejok" kabla ya kuinua kichwa. Alikuwa amesimama mbele ya meza, vumbi hadi magotini, midomo imepasuka. Ile ngozi ya mbuzi ilining'inia mgongoni, tupu.

"Karani, hesabu mimi," alisema.

Ningefanyaje? Nikaandika: Akiru, Kaaleng. Akabonyeza kidole kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

"Sasa mimi iko?"

"Uko, mama."

Nikageuka kumchotea unga, nikachota mwingi. Nilipomrudia hakuwepo. Komeo lilikuwa mahali pake. Chini, kwenye unga uliomwagika, nyayo zilikuwa zangu tu. Lakini alama ya kidole ilikuwa bado mbichi, amini usiamini.

Nilimkimbilia mke wa mlinzi nikamweleza. "Huyo alikufa njiani," akasema, "wiki ile ulimfukuza. Wachungaji walimpata. Mtoto iko hai, iko kwa nyanya yake." Hakunilaumu. Alirusha tumbaku kidogo chini kwa ajili ya marehemu, akarudi jikoni kwake.

Nilienda Lodwar nikakiri, nikashushwa cheo, nikawatenganisha Akiru wote tisa kwenye daftari. Kila mwezi nilimpelekea yule mtoto unga kwa mkono wa watu. Kwenda mwenyewe sikuthubutu, na mpaka leo sijamwona. Wale Akiru saba wengine, mwaka ule walikula nini? Sikuwahi kuuliza.

Tangu siku hiyo, nikihesabu watu, anazidi mmoja. Kanisani, kwenye foleni, hata nyumbani. Tuko sita, nami nahesabu saba. Nikirudia, saba. Mke wangu amechoka kuniuliza kwa nini naweka sahani moja zaidi.

Basi wewe uliyepewa orodha ya watu, usikimbilie lori. Mtu akikwambia huyo si mimi, inua macho umtazame. Mimi sikumtazama, na sasa kila jioni sahani yake namwekea mimi.