Mjomba Kwenye Benchi la Nje

Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kuikumbuka. Lori langu nililipata kwa shingo hii, nikiteremsha ndizi za watu kutoka Kinole kwa miguu, kabla serikali haijatoa ruksa ya biashara na kila mtu kujiita mfanyabiashara. Kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipofika kwangu na fomu ya chuo, nilijua msaidizi amempata.

Alikuwa anasoma utawala pale Mzumbe. Chuo kilimtaka atafute ofisi ya kufanyia mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Fomu ilitakiwa irudi Ijumaa ikiwa na muhuri wa ofisi. Isiporudi, mwaka mzima anarudia. Na hiyo ilikuwa Jumanne.

"Nimepita kukusalimia tu, mjomba. Kesho nazungukia ofisi."

"Peke yako? Kwani huna wajomba?"

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake mbele za watu ni mjomba. Posa ikija, anajibu mjomba. Mimi nikaona fildi ni posa tu, ila safari hii anayekwenda kuomba ni binti. Nikavaa kaunda suti, nikabeba mkungu wa ndizi mbichi, nikampa maagizo: "Ukifika, toa shikamoo, halafu macho chini. Mengine niachie mimi."

Tukaanza na shirika la umma. Bwana mkubwa akanisikiliza vizuri, kisha akacheka bila furaha. "Mzee, sisi wenyewe tunasubiri mwekezaji. Mwezi ujao hiki kiti sijui kama nitakikalia mimi."

Tukaenda kwa Mhindi mmoja mwenye ghala mjini, ambaye tumeuziana mdalasini miaka na miaka. Akamtazama binti. "Huyu anazungumza?"

"Sana."

"Basi azungumze."

"Mjomba wake niko hapa. Niulize mimi."

"Mzee, wewe ningekuajiri leo hii. Yeye bado simjui."

Alhamisi, ofisi ya tatu, karani hakunipa hata nafasi ya kukaa. "Hizo ndizi zitoke nje kwanza. Hapa hatupokei rushwa." Rushwa! Nikamjibu maneno ambayo hapa siyaandiki, tukatoka tukisindikizwa.

Njiani mpwa wangu akasimama. "Mjomba, ofisi tatu nimekaa kimya. Watu wananiona bubu."

"Hiyo ndiyo adabu."

"Ijumaa sitapeleka adabu chuoni, nitapeleka fomu. Kesho naingia peke yangu. Wewe utakaa nje."

Nilinuna mpaka kesho yake.

Kesho yake tulikwenda kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, mpya kabisa, jirani na stendi ya Msamvu. Meneja alikuwa mama mmoja. Binti akaingia. Mimi nikapewa benchi, na benchi, kwa bahati, lilikuwa chini ya dirisha.

"Umewahi kufanya kazi gani?" mama akauliza.

"Likizo zote nawapanga akina mama wanaoteremsha mananasi hadi kwenye lori la mjomba wangu."

Nikanyoosha kola.

"Umejifunza nini huko?"

"Kwamba nanasi halisubiri mtu. Mwaka wa kwanza mjomba aliwaita wote siku moja. Lori likajaa, nusu ya mananasi ikabaki barabarani, ikaoza. Mwaka wa pili nikakipa kila kitongoji siku yake. Hayakuoza tena."

Jamani! Mananasi yale, Kinole nzima ilijua yaliozeshwa na dereva wangu. Mimi ndiye niliyewaambia, na dereva nikamfukuza. Nikainuka, mdomo wazi.

"Mzee, umeitwa?" mlinzi akauliza.

Mlango ulikuwa hatua mbili. Lakini nikiingia, muhuri anaukosa. Nikakaa. "Nanyoosha mguu tu."

"Na mjomba wako alisemaje?" mama akaendelea.

"Hakusema kitu. Ila mwaka wa pili alinikabidhi daftari la majina ya wabebaji. Nikajua amekubali."

Kweli nilimkabidhi. Nilidhani hakulitilia maanani.

Alitoka na fomu, wino wa muhuri haujakauka, anaipepea kama kitumbua cha moto. "Umesikia, mjomba?"

"Nilikuwa naongea na mlinzi."

"Mjomba huyu!" Akacheka hadi kwenye gari la Mzumbe, akawahi.

Mimi nikarudi nyumbani, nikaukuta ule mkungu umeiva vizuri. Nikaupeleka kwa yule dereva niliyemfukuza. Kuomba radhi sijui, sikufundishwa. Nikautua mlangoni pake nikamwambia, "Yale mananasi hukuyaozesha wewe."

Akakonyoa ndizi moja, akaimenya, akaila yote taratibu, mimi nimesimama tu.

"Funguo za lori umekuja nazo?" akauliza.