Dawa ya Kwanza Ilikuwa Mume

Dawa ya kwanza niliyoandikiwa kwa tumbo langu ilikuwa mume. Aliyeniandikia ni shangazi, aliyenilea hapa Mkata. Kila mwezi siku zangu zikifika, nilijikunja nyuma ya meza yetu ya mihogo, naye akawaeleza wateja kwamba nikizaa tu maumivu yataisha. Mimi si msemaji. Kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa nimekubali, na mshenga akaja kutoka Segera.

Kabla mahari haijapangwa, nilizimia mezani. Ndipo tukaenda hospitali Korogwe. Shangazi alikaa karibu na daktari kuliko mimi, ili anijibie.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Baada ya vipimo alisema inaelekea ni endometriosisi: nyama kama ile ya ndani ya kizazi huota nje yake, na kila mwezi huvimba na kuuma. Kuzaa hakuiponyi. Siku hizi upo upasuaji wa matundu madogo, wanachungulia kwa kamera na kuiondoa, ila ni kwenye hospitali kubwa. Nchi nyingine wanajaribu pia dawa mpya zisizo za homoni, lakini hazijatufikia.

Nikawaza kwamba dawa bado ziko njiani, na mchumba ameshafika.

Kwa sasa daktari angenipa vidonge vya homoni. Vingetuliza maumivu, na nikiwa navyo nisingeshika mimba.

"Daktari," shangazi akasema, "nimekuletea huyu azae apone, wewe unamfunga? Hata mimi niliumwa hivi hivi."

"Umezaa wangapi, mama?"

"Saba."

"Na tumbo liliacha kuuma lini?"

Shangazi alitengeneza ushungi wake, ambao ulikuwa sawa tu.

"Nilipokoma hedhi," akasema.

Daktari akaandika cheti cha dawa.

Vidonge vile hutolewa kwenye dirisha la uzazi wa mpango. Niliona foleni ya wanawake wenye watoto mgongoni, nami sijaolewa, nikarudi nyuma. Shangazi alinitazama, akaninyang'anya cheti, akaenda kupanga foleni yeye, na mvi zake.

"Bibi, na wewe bado unazuia?" mmoja akamchokoza, wenzake wakacheka.

"Nazuia," akajibu.

Maisha yangu yote amenijibia. Siku ile ndiyo ya kwanza niliyofurahi.

Mshenga tulimwambia asubiri. Aliuliza hadi lini, shangazi akamwambia akamuulize daktari.