Tarakimu Sita za Mama Mkwe

Kwa Wasukuma wa upande wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka. Kwa miaka tisa ya ndoa sikuwahi kusema naye wala kumpigia simu. Maneno yetu yalipitia kwa mke wangu. Kisha mke wangu akampelekea simu janja kijijini kwao, karibu na Mwadui, tukaanza kuandikiana salamu fupi. Maandishi hayana macho, tulijiambia.

Mama alikuwa na presha. Daktari alishaonya asipewe habari mbaya ghafla.

Siku ya mnada hapa Runzewe, mke wangu alikwenda sokoni, simu yake ameiacha nyumbani ikichaji. Nikapokea ujumbe kutoka namba ya mama: kuna tarakimu sita zimekuja kwangu kwa makosa, nimrudishie upesi. Kweli zilikuwepo, na chini yake imeandikwa nisimpe mtu yeyote. Niliusoma mstari huo. Mwingine angepiga simu kuhakikisha. Mimi ningempigiaje? Na kumwacha mama mkwe asubiri mpaka mke wangu arudi niliona ni utovu wa adabu. Nikazituma.

Akaunti yangu ya ujumbe ikafungwa palepale. Aliyeniandikia hakuwa mama. Alikuwa mwizi aliyeiteka akaunti yake asubuhi ile kwa hila hiyohiyo. Nikakimbilia kwa fundi simu. Nikiwa kwenye foleni, mwizi aliweka picha ya mke wangu kwenye kundi la ukoo wa kwao, akaandika kwa jina langu kwamba amefariki ghafla, rambirambi zitumwe kwenye namba aliyoitoa.

Jirani wa mama alitumiwa habari hiyo na mmoja wao, akaenda kumwambia. Walipiga simu ya mke wangu, ikaita nyumba tupu; yangu fundi alikuwa ameizima. Mama alianguka akijifunga kanga ya safari.

Jioni simu iliita tena, mke wangu akapokea. Alikuwa yule jirani.

"Kumbe upo?"

"Nipo."

"Basi mama yako ndiye hayupo."

Mke wangu akatangaza msiba kwenye kundi kwa simu yake. Binamu yake akajibu: "Mchana mmeua binti, jioni mama. Kesho mtuulie na bibi, tuchange mara moja." Wengine wakaweka vicheko. Kisha wakamtoa kundini.

Kaburi tulilichimba watu wanne.

Kabla ya kufunga jeneza waliniita kuaga. Nilisogea nimeinamisha kichwa, macho kwenye viatu vyangu, kama nilivyofanya miaka yote. Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili. Tangu jana yake hakuwa amenisemesha.

"Mwangalie," alisema. "Si ulikuwa unamheshimu sana?"