Kwaya Iliyohamia Mlangoni

Katika barua ya Februari 1957 kwa makanisa yote yaliyoomba kurekodiwa, ofisi ya utangazaji ilitamka kwamba kila mwimbaji, bila kujali umri, cheo wala ukoo, atasimama mahali atakapoonyeshwa na fundi wa sauti, na kwamba uamuzi wa fundi ni wa mwisho. Barua ilipigwa mhuri mara mbili, labda kwa ajili ya wale ambao wasingeamini mara ya kwanza.

Hezekiah Chepyegon aliamini mara ya kwanza. Alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai upande wa Kericho, mtu wa kusoma kila kilichoandikwa, hata kwenye magunia, na alikuwa ameingoja barua hiyo miezi kumi na moja. Kwaya yake ya watu thelathini na tisa ingeimba wimbo aliotunga mwenyewe, na siku ya Pasaka nchi nzima ingeusikia redioni. Fundi alikuwa na siku moja tu. Wimbo usiponaswa siku hiyo, angeendelea na safari hadi Kaplong, ambako kulikuwa na kwaya nyingine, tena yenye sare.

Kosa moja Hezekiah alikuwa amelifanya miaka miwili nyuma, kama ni kosa. Alimwoa Sally wa sauti ya kwanza, binti wa Mama Chepkemboi wa sauti ya pili. Kabla ya harusi alimkemea Mama Chepkemboi kama mwimbaji mwingine yeyote. Baada ya harusi akawa mama mkwe wake, na kwa Wakipsigis mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hamtaji jina, na zaidi ya yote hamwamuru. Tangu hapo Hezekiah aliongoza kwaya macho yakiwa darini. Kwa kuwa kanisa halikuwa na dari, alitazama mabati.

Fundi Ojwang alifika saa nne asubuhi na gari la serikali, vipaza sauti viwili, na kisanduku chenye vifundo viwili vya kuzungusha, kimoja kwa kila kipaza sauti. Alipiga kofi moja katikati ya kanisa. Kofi likaenda hadi ukuta wa madhabahu, likarudi, likapanda mabatini, likarudi tena.

"Nimepiga moja," alisema Ojwang. "Nimesikia manne."

Mkanda wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa uji uliopoa. Ojwang alivua spika za masikioni akamsogelea Hezekiah.

"Bwana Chepyegon, hapa nasikia mama mmoja na watu wa kumsindikiza. Nikipunguza huku, anaingilia kule. Nikipunguza kote, anabaki yeye na mwangwi. Ni nani?"

"Ni yule wa dirishani."

"Dirisha gani? Jina lake?"

"La tatu," alisema Hezekiah, akiangalia mabati.

Mama Chepkemboi alikuwa amesimama kando ya dirisha la tatu tangu kanisa lijengwe. Sauti yake ilikuwa ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, nayo iliokoka pamoja naye bila kupunguzwa.

"Basi mwambie arudi nyuma hatua kumi."

"Siwezi."

"Wewe si ndiye kiongozi?"

"Mimi ni mkwe."

Ojwang aliitoa barua mfukoni, akamsomea. Hezekiah alikiri kwamba imeandikwa vizuri. Kisha akamwita mkewe, na Sally akavuka kanisa na ujumbe wa serikali. Akarudi ameuma midomo ili asicheke.

"Mama anasema amesikia."

"Amekubali?"

"Hapana. Amesikia. Anasema pia, kama sauti yake inamchoma mgeni, mgeni arudi nyuma."

Huko nje, upande wa Londiani, wingu lilikuwa limeanza kupanda. Kila mtu wa Kericho anajua saa ya mvua ya mchana, na kila mtu anajua kanisa la mabati linavyokuwa mvua ikianza: mhubiri hunyamaza akangoja kama watu wengine. Zilibaki dakika arobaini, pengine pungufu.

Ojwang alianza kukunja waya. "Pole, bwana. Nitawaambia ofisini kanisa lenu ni gumu."

Hapo Hezekiah aliacha kuyatazama mabati. Baadaye Sally alisema hakuwahi kumwona mumewe akikimbia, hata siku ng'ombe alipoingia ofisini. Alikimbia hadi mlangoni, akapiga kofi, akasikiliza: lilirudi mara moja tu. Akakimbia hadi katikati, akapiga jingine.

"Ojwang! Hivi vipaza sauti vinasikia mgongoni?"

"Mbele tu. Nyuma kidogo sana."

"Basi tunahama! Kwaya yote, mlangoni! Sauti ya kwanza kulia, besi juu ya mabenchi! Vipaza sauti vigeuzie mgongo dirisha na madhabahu!"

"Na yule mama?"

"Yule mama yuko sawa kabisa alipo!"

Lo, siku ile mabenchi yalilia sakafuni kama nguruwe. Besi walibeba, wazee wa kanisa walibeba, kina mama wakavua mashuka na kuyatundika mlangoni yameze mwangwi. Waya wa kutoka garini ukapungua hatua mbili, Ojwang akarudisha gari nyuma hadi katikati ya maua ya mchungaji, na mchungaji mwenyewe akawa anamwelekeza: "Njoo! Njoo! Bado! Kanyaga tu!"

Hezekiah alisimama mbele ya kwaya, dirisha la tatu likiwa mbali nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu harusi aliwatazama waimbaji wake machoni. Akanyanyua mikono.

Ubeti wa kwanza, Ojwang aligusa kifundo kimoja, akakiacha. Ubeti wa pili akaacha vyote viwili, akafumba macho. Sauti ya kwanza ilikuwa mbele, besi chini yake kama ardhi, na huko nyuma kabisa, nyembamba na safi, sauti moja ikizunguka kanisa zima bila kumkanyaga mtu. Ngurumo ikapita. Hezekiah akaharakisha mwendo kidogo, kwaya ikamfuata, na huko dirishani mtu aliyekuwa akiona viwiko vyake tu akamfuata pia. Neno la mwisho lilikuwa bado linaelea juu tone la kwanza lilipopiga bati. Ojwang akazungusha vifundo vyote hadi chini kwa mpigo mmoja.

"Tumeupata!" alipiga kelele, lakini mvua ilikuwa imeshafika na hakuna aliyemsikia. Waliona meno yake, wakaelewa, wakaanza kurukaruka.

Wimbo ulitangazwa siku ya Pasaka kama ilivyopangwa, na ofisi ikaandika barua ya kumsifu fundi kwa namna alivyowapanga waimbaji. Siku ile walihama watu thelathini na wanane, vipaza sauti viwili, mabenchi kumi na tisa na gari moja la serikali. Mama Chepkemboi hakusogea.