Mtoto Asiyeonyeshwa Jua

Juzi, katika kliniki moja hapa Kakamega, muuguzi alinipa kichupa cha matone ya vitamini D ya mwanangu mchanga, akanisisitizia nisiruke hata siku moja. Nilipotoka nje nilisimama tu, nikikumbuka chumba kimoja kule kijijini kwetu, Mautuma.

Nilikuwa msichana mdogo mama alipomzaa dada yangu. Kabla yake tulikuwa tumezika watoto wawili, kwa hiyo nyanya, mama yake baba, aliziba dirisha kwa gunia, akamweka mama na mtoto ndani. "Mtoto aliyefuata kaburi haonyeshwangi watu," alisema. Nami nikawekwa humo niwe mikono ya mama, likizo nzima. Moshi ulituwasha macho, nepi mbichi zilining'inia juu ya vichwa vyetu. Asubuhi uji wa wimbi. Jioni obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku aliyechinjiwa mzazi, mimi nikiambulia mchuzi. Niliwasikia wenzangu wakikimbizana kwenye mabua ya mahindi, nikawachungulia kwenye ufa wa mlango hadi shingo ikauma.

Shule zikafunguliwa, lakini kila jioni nilirudi kwenye giza lile. Miezi ikapita. Mtoto akawa analia kila akiinuliwa, miguu yake legelege. Mama naye mifupa ilimuuma, ila hakuthubutu kumpinga mama mkwe. Siku moja nyanya akiwa sokoni, jirani yetu aliingia kumjulia mama hali. Alimpakata mtoto, akaipapasa miguu yake.

"Mfunge mgongoni," alimwambia mama. "Twende hospitali sasa hivi."

Daktari alisema wote wawili wamepungukiwa vitamini D. Maziwa ya mama ni chakula bora, alieleza, lakini vitamini hiyo humo ni haba, na jua hawakuliona. Mtoto akapewa matone, mama tembe.

Tuliporudi, nyanya alikuwa amesimama mlangoni. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu, alisema polepole, "Mama, huyu sitaki kumzika nikiwa namficha."

Nyanya aliingia ndani, tukasikia gunia likipasuka.

Dada alichelewa kutembea, lakini alitembea; sasa anasomea kilimo chuoni Bukura. Nyumba ile ilibomolewa, pakapandwa mahindi, na nyanya ametutoka. Mwaka ule nilimchukia. Baadaye sana mama aliniambia kwamba nyanya alikuwa akija kuweka sikio mlangoni, asikie kama mtoto bado anapumua. Hakuna tena wa kutusikiliza hivyo.